Kamba Iliyonyamazisha Jengo

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Najua wewe ulifundishwa kinyume chake. Hata mimi nilifundishwa kinyume chake, tena kwa kuvutwa sikio. Lakini ninalo guu la ushahidi. Limefungwa plasta kutoka nyongani hadi kwenye vidole, limelazwa juu ya mto karibu na dirisha, na mwenye guu anaitwa Kinanda, kwa sababu ya sauti yake. Alisikia la mkuu. Alilisikia vizuri, akalitii, na matokeo yake ndiyo hayo.

Mkuu mwenyewe ni mjomba wangu.

Jengo letu lilikuwa bondeni, mahali ambapo ukungu wa alfajiri hulala mpaka jua liuamshe. Ghorofa za chini zilizama ndani ya weupe, za juu zikabaki zinaelea, hazijashikwa na kitu. Ukipanda ngazi ulikuwa unatoka ukunguni taratibu, kichwa kwanza, halafu mabega, na kule juu ungewakuta waliotangulia wameketi ukingoni wanakunywa chai, miguu inaning'inia juu ya mawingu. Hakuna aliyeogopa. Nani aogope kuangukia pamba?

Kuogopa ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa msimamizi wa usalama, cheo kirefu kuliko kivuli changu. Ndio kwanza nilikuwa nimehitimu diploma ya ujenzi, na mjomba, nyapara mkuu wa saiti ile, ndiye aliyeniombea nafasi. Siku ya kwanza nilikuta bango la usalama getini limeandikwa kwa lugha ya kigeni, na picha ya mtu anayecheka amevaa kofia ngumu. Vibarua walidhani ni tangazo la kuuza kofia. Nililing'oa, nikaandika langu kwa rangi nyekundu: UKIANGUKA, NYUMBANI WATAKULA NINI? Tangu hapo wakaniita Diploma. Wengine waliitamka kwa heshima, wengine kwa namna nyingine.

"Diploma, mbona unashika ukuta? Unaogopa kimo?"

"Naogopa wajinga. Kimo hakijawahi kumsukuma mtu."

Basi wakacheka, tukazoeana.

Sasa nikueleze kuhusu wimbo, maana bila wimbo hutaelewa kitu. Winchi yetu ilikuwa chini, nyuma ya jengo. Aliyeiendesha alikuwa mzee mmoja mpole tuliyemwita Rubani, na kutoka pale alipokaa hakuweza kuona kule juu. Aliiona kamba ya chuma tu, ikipanda na kupotelea angani. Kwenye majengo mengine watu hupuliza filimbi, au hupunga kitambaa. Sisi tuliimba. Kinanda alisimama ukingoni mwa ghorofa ya juu kabisa, na alipoghani ubeti, Rubani alipandisha ndoo kubwa ya zege. Tulipoitikia, Rubani alishikilia, ndoo ikatulia hewani, wenye nguvu wakaivuta ndani na kuimwaga. Kisha Kinanda alivuta sauti moja ndefu, nyembamba kama uzi wa buibui, "eeeeee", na Rubani akashusha.

"Nyumba hii ya nani?"

"Si yangu, si yako!"

"Nani atalala humu?"

"Si mimi, si wewe!"

Hivyo kutwa nzima. Vumbi la saruji likaelea kwenye miale ya jua, karai zikapita kutoka mkono hadi mkono, na baada ya muda hukujua tena mkono wako unaishia wapi na wa mwenzako unaanzia wapi. Niliwahi kumwona mtu akipokea karai amefumba macho. Niliwahi kumwuliza mwingine jina la siku, akanitazama kama niliyemwamsha. Jengo lilikuwa likiota, nasi tulikuwa ndani ya ndoto yake, tunapanda nalo.

Kisha mkandarasi akataka haraka. Akaleta kikosi cha wapiga lipu waanze ghorofa za kati wakati sisi bado tunamwaga zege juu. Nao wakaupenda wimbo. Nani asingeupenda? Kinanda akamfuata mjomba mbele yangu, kofia mkononi.

"Mzee, wale wa kati wanaimba na wao. Rubani atajuaje sauti ipi ni ya juu?"

"Sauti yako nani asiyeijua?"

"Upepo haujui, mzee. Upepo unachanganya."

"Imba, Kinanda," mjomba akasema. "Wewe imba tu, tumalize. Kazi ya kusikiliza niachie mimi."

Kinanda akavaa kofia yake, akaenda kuimba. Alisikia la mkuu.

Hayo yaliyofuata hayana mwovu, na ndiyo maana yananiuma. Miongoni mwa wapiga lipu alikuwamo mmoja aliyengoja mtoto kwa muda mrefu sana, yeye na mkewe, mpaka watu wakaacha kuuliza. Siku ile akapigiwa simu. Binti amezaliwa, mzima, na mama yake mzima. Jamaa akarudi kwenye ukuta wake, akachota lipu, na furaha ikamtoka kooni bila ruhusa. Ikatoka ikiwa na umbo la kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa amevisikia saiti pale: eeeeee.

Nilikuwa kwenye ngazi. Nilisimama nisikilize. Ilikuwa nzuri hasa.

Na chini, nyuma ya jengo, Rubani akashusha.

Juu, ndoo ilikuwa bado imejaa, na mguu wa Kinanda ulikuwa umepita ndani ya kitanzi cha kamba ya kuongozea ndoo. Ndoo ikaondoka naye. Akapita ukingoni kichwa chini, kimyakimya, kama mtu aliyeinama kuangalia kitu. Tukapiga kelele sote, "Simamisha! Mpandishe!" Rubani akasikia watu wengi wakipaza sauti kwa pamoja, na kwa masikio yake watu wengi wakipaza sauti kwa pamoja walikuwa na maana moja tu: kiitikio. Akashikilia. Kinanda akaning'inia pale, kati ya mbingu na ukungu, na kadiri tulivyopiga kelele ndivyo mzee wa watu alivyozidi kushikilia kwa uaminifu wote, mpaka mtu aliposhuka ngazi zote mbio akamshika bega.

Hakufa. Sisemi tena zaidi ya hapo.

Baada ya siku ile hakuna aliyeimba. Saiti bila wimbo ilikuwa nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama. Rubani alikuja kazini, akakaa karibu na winchi yake, hakuigusa. Mpiga lipu hakuja kabisa, ikabidi niende kwao kumtoa. Nilimkuta na binti yake kifuani, anamtazama kwa woga, kana kwamba mtoto ndiye aliyemtuma.

"Nitarudi na uso gani, dada?"

"Na huohuo. Tunataka mikono yako, uso njoo nao ukitaka."

Tukakutana wakati wa chai, kwenye mbao, chini ya ngazi. Sikuita mkutano, maana mkutano ungemleta mkandarasi. Nilikaa tu, wakaja. Rubani. Mpiga lipu, amejikunja. Fundi seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Mchomeleaji, ambaye miwani yake ya kazi ilikuwa haitoki usoni hata akila. Na Shangazi, mkuu wa akina mama wanaobeba maji na kokoto, aliyekuwa shangazi wa kila mtu pale, hata wa waliomzidi umri.

Nikaanza mimi. Nikasema tununuliwe redio za mkononi. Tukaazimwa jozi moja tujaribu. Mashine ya kuchanganya zege ikazimeza. Rubani aliweka ile redio sikioni na kusema alisikia mtu akikaanga vitu.

"Tatizo ni sauti," akasema baadaye, taratibu. "Mimi nimechoka na sauti. Nipeni kitu nikione."

"Au kitu ukiguse," mchomeleaji akasema.

"Au kisikuulize kabisa wewe," nikasema mimi, na hapo ndipo likaja wazo, lote kwa mara moja, kama ukungu unapofunguka ukaona nyumba ng'ambo. Chuoni tuliwahi kufungua swichi ya springi, ile ambayo ukivuta kishikizo chake inakata umeme yenyewe. Kwa nini tusipitishe kamba moja kutoka juu hadi chini, kila ghorofa, na mwisho wake uwe kwenye swichi ya namna hiyo? Mtu yeyote akiivuta, popote alipo, winchi inakufa hapohapo. Na mashine ya zege nayo. Kila kitu.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, na huo ndio wakati niliojua kuwa tumepona.

Mchomeleaji akakata vipande vya nondo vilivyotupwa, akavikunja pete za kupitishia kamba, akazisugua ndani mpaka zikawa laini kama ushanga. Seremala akatengeneza kisanduku chenye vibao vyekundu, kila ghorofa na chake, ili kamba ikivutwa kibao kianguke mbele ya macho ya Rubani, ajue wito umetoka wapi. Mimi nikafunga swichi, nikaijaribu mpaka vidole vikaota malengelenge. Kamba nikaiweka juu ya vichwa, isimzuie mtu.

Shangazi akaja na ndoo ya maji kichwani, akasimama chini ya kamba, akaitazama.

"Diploma mwanangu, hii umemwekea twiga?"

"Si unainua mkono tu, shangazi."

"Mkono mmoja umeshika ndoo. Wa pili umeshika khanga isidondoke. Niinue upi, nibaki uchi au nilowe maji?"

Tukaishusha hadi kiunoni. Hapo hata goti lingeweza kuivuta, hata mgongo. Vibarua wakaipa jina la Mkia, kwa sababu ulikuwa mkia wa winchi, na mnyama gani asiyegeuka ukimshika mkia?

Ikabaki sheria. Mjomba alikuja kutazama, mikono nyuma, na nikaona kwamba alikuwa amekonda tangu Kinanda aanguke.

"Nani ataruhusiwa kuivuta?"

"Yeyote."

"Yeyote? Hata kibarua aliyeingia leo asubuhi?"

"Hasa huyo, mjomba. Huyo bado hajalala."

Alinielewa. Alikubali kwa kichwa, akaenda zake. Na mpiga lipu, pale penye mwanzo wa ngazi, akapaka lipu mbichi na kuandika kwa ncha ya mwiko wake, herufi kubwa zilizonyooka: YEYOTE AVUTE. ASIULIZWE KWANZA. Lipu ikakauka. Kijana mmoja akawekwa kwenye kona ya jengo, mahali anapoona juu na kuonwa na Rubani, apunge kitambaa cha kupandisha na kushusha. Wimbo ukarudi, safari hii bila kazi yoyote ila kuwa wimbo, na nadhani ulipendeza zaidi. Mkia ukavutwa na mtu aliyeona ubao umepasuka, ukavutwa na mwingine aliyepatwa na kizunguzungu. Ukavutwa hata na mbuzi wa jirani aliyepanda ngazi kwa sababu anazozijua yeye. Kila mara tulisimama, tukatazama, tukaendelea. Mbuzi hatukumwuliza.

Halafu ikaja siku ya slabu ya mwisho, ile sakafu ya zege ya juu kabisa.

Kama hujawahi kumwaga slabu, shika hili moja: ukianza, husimami. Zege ni kitu kimoja likimwagwa kwa mkupuo mmoja. Ukisimama katikati, la zamani linakauka na jipya linakataa kushikana nalo, na unabaki na mshono ambao lazima uchongwe na kuungwa upya kwa taabu. Kwa hiyo siku ya slabu watu hawali wameketi, hawagombani, hawaugui. Mkandarasi alikuja na mwenye jengo na wageni wake, kofia zao mpya zinang'aa, wakasimama ng'ambo ya barabara kwenye kivuli.

Mimi nilikuwa chini ya slabu.

Chini ya slabu inayomwagwa kuna msitu. Nguzo za mbao zimesimama kila hatua, zimebeba mbao, mbao zimebeba zege, na zege limebeba watu. Mwanga unapenya kwenye nyufa ukiwa umechujwa, wa kijivu unaokaribia kijani. Maji ya saruji yanadondoka tone tone. Wimbo unapita kwenye mbao ukiwa umepoteza maneno, unabaki mvumo, kana kwamba watu wanaimba katika nyumba nyingine, katika mwaka mwingine. Nilitembea humo nikigusa nguzo moja baada ya nyingine kwa kiganja, na zote zilikuwa zikitetemeka kidogo, tetemeko la mnyama aliyebeba mzigo na ameridhika. Nilikuwa karibu kusinzia kwa utulivu ule.

Kisha nikagusa moja iliyonyamaza.

Sina namna bora ya kusema. Wenzake walitetemeka, yeye hapana. Nguzo isiyotetemeka haijabeba kitu. Na kama haijabeba, mzigo wake uko wapi? Nikainua macho. Kutoka kwa nguzo ya pembeni yake vumbi laini la mbao lilikuwa likidondoka, likimeta kwenye ule mwanga, zuri ajabu, na ndani ya ile mbao kitu kikahema. Mara moja tu. Kama mtu anayegeuka usingizini.

Mjomba alikuwa juu. Kumfikia ni kutoka nje, kupanda, kupenya kati ya watu, kueleza. Mkia ulikuwa kiunoni pangu.

Nikavuta.

Hujawahi kusikia kimya cha namna ile. Winchi ikakata pumzi. Mashine ya zege ikajizungusha kivivu, ikajikuta peke yake, ikaacha. Wimbo ukakatika. Na ndani ya ule uwazi vikaanza kuingia vitu ambavyo siku zote vilikuwepo: tone likidondoka, ndege wa darini mahali fulani, watoto wa shule ya ng'ambo wakisoma kwa pamoja habari za mito na milima. Juu ya kichwa changu nyayo zikaanza kuondoka, bila mbio, bila kelele, zikielekea kwenye ngazi. Waliondoka wote. Hakuna aliyeuliza kwanza.

Mjomba na seremala wakaingia msituni. Nikawaonyesha. Kabari ya chini ya ile nguzo ilikuwa imeteleza, nguzo imelegea, na jirani yake amebeba mzigo wa wawili. Seremala akapiga goti, akagonga kabari kwa nyundo yake. Nguzo ikaanza kutetemeka na wenzake.

"Hii moja ingebeba?" mjomba akauliza, mkono juu ya nguzo ya pembeni.

"Ingeweza kubeba."

"Kwa hiyo ingebeba."

"Ingeweza pia kutobeba, nyapara."

"Wewe ni seremala au mpiga ramli?"

"Seremala. Mpiga ramli angekuwa na jibu."

Tukakagua nguzo zote, msitu mzima. Hatukukuta nyingine mbaya. Tulipomaliza, zege lilikuwa limeanza kushika, na katikati ya slabu kulikuwa na mshono. Mwenye jengo alikwishaondoka na wageni wake. Mkandarasi aliniita pembeni, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, nikaogopa.

"Binti, mimi sikufukuzi. Nyapara anasema nguzo ingebeba."

"Seremala anasema ingeweza."

"Sikiliza. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, mbele ya watu wote, utasema samahani kwa kusimamisha slabu bila kumwuliza nyapara. Neno moja. Mwenye jengo amelitaka. Kamba yenu ibaki, mimi siichukii. Ila kuanzia kesho, anayetaka kuivuta aulize kwanza."

"Na nisiposema?"

"Kwa nini ukose kazi kwa ajili ya neno moja?"

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Kinanda. Jua la alasiri lilikuwa juu ya plasta yake. Kabla sijaketi akasema, "Leo mlinyamaza."

"Ulisikia? Toka huku?"

"Nasikia kila kitu kitandani hapa. Nilikuwa nawaitikia. Mara, pu! Kimya. Nikasema, mtu ameuvuta." Akautazama mguu wake. "Unajua siku ile nilipokuwa kichwa chini, kitu gani kiliniumiza? Si mguu. Mguu sikuusikia. Ni zile kelele. Watu wote wananipenda, wote wanapiga kelele, na hakuna hata mmoja mwenye kitu cha kuvuta. Leo nililala hapa nikausikiliza ule ukimya mpaka mwisho. Niliona utamu kuliko wimbo, na mimi ni mtu wa wimbo."

"Wanataka niombe radhi."

Kinanda akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, akaacha, na hakunishauri kitu.

Jioni mjomba akaja kwetu. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, na mama, ambaye ni dada yake mkubwa, akampa maji bila kusema, maana ameshamjua akiwa na jambo.

"Mpwa wangu," akasema, "samahani haina mfupa. Haikwami kooni."

"Hii ina mfupa, mjomba. Wa paja. Umeunganishwa kwa vyuma."

Mama akasema, "We mtoto!" Lakini mjomba akainua mkono.

"Mwache. Anasema kweli." Akaizungusha glasi mkononi. "Nilimwambia Kinanda aimbe. Kila siku naamka na sentensi ile mdomoni. Lakini wewe unajua nilivyohangaika ili mkandarasi akubali msichana awe msimamizi? Niliweka jina langu mezani. Sasa anasema, nyapara, mtoto wako amekupita. Ukisema neno lile, linaisha. Usiposema, unaondoka wewe, na mimi nabaki nyapara ambaye hawezi kusimamia hata nyumbani kwake. Mimi nitatazamwa vipi?"

"Na mtu mwingine akiuona Mkia, ataufikiria vipi?"

"Mama," akaniita hivyo, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo nimekaa mabegani mwake nikishika masikio yake kama usukani. "Mama, sisemi umekosea. Nakuomba uombe tu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Si mkandarasi, huyo ningemjibu hata nikiwa nimelala. Ni mzee huyu na soksi zake zilizotoboka kidoleni, aliyenifundisha kutembea juu ya ubao mwembamba kwa kunishika ncha ya kidole kimoja tu. Alipoondoka, mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapotea.

"Unampenda mjomba wako?"

"Sana."

"Basi lala. Atakuja kesho pia, ukisema ama usiposema. Huyo hana kwingine pa kunywa maji."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Watu walisimama mbele ya jengo, nikaona kofia kabla ya nyuso, nyuso kabla ya mikono. Mkandarasi alikuwa amevaa shati jeupe. Mjomba alikuwa pembeni yake, anatazama viatu vyake. Nikapanda juu ya rundo la matofali ili nionekane, na kwa muda nikahisi sisimami juu ya kitu, naelea tu, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni, dogo, jepesi, tayari kutoka.

Nikaitazama mikono yao. Mikono ilikuwa imetulia kando ya mapaja, ya Shangazi, ya Rubani, ya mpiga lipu, ya watu nisiojua hata nyumbani kwao ni wapi. Jana miguu ya watu hawa ilishuka ngazi bila kuuliza. Nikilisema neno lile, siku moja mmoja wao atakuwa chini ya mzigo, ataona vumbi linadondoka, mkono wake utakwenda kwenye kamba, na njiani utanikumbuka mimi juu ya matofali haya, nimeinamisha kichwa. Utasita. Kusita hakuhitaji muda mrefu.

"Jana nilisimamisha slabu," nikasema. "Nyapara sikumwuliza. Sijui kama nguzo ingebeba, na hakuna anayejua hapa, hata mkandarasi. Nikisikia mbao inahema tena, nitavuta tena, na sitamwuliza mtu. Na ninyi vuteni. Hata ikiwa si kitu. Hata ikiwa ni slabu."

Mkandarasi akasafisha koo.

"Binti. Hiyo si samahani."

"Si samahani, bosi."

"Nilikuomba neno moja."

Mjomba aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake akanitazama, na uso wake sikuweza kuusoma, ukungu ulikuwa kati yetu.

"Nimelisikia," nikasema. "Silisemi. Siombi radhi."